Nguo Kavu za Nahodha

Kabla Mzungu wa mitungi hajafika Msambweni, Chirau Boga alikuwa akizama kwa pumzi zake mwenyewe. Alikuwa mwembamba wa miguu, mpana wa kifua, macho yake mekundu kwa chumvi. Kazi yake ilikuwa kutoa kamba mawe kwenye mashimo ya mwamba na kuwapeleka hotelini Diani wakiwa hai, ndani ya kikapu kilichofunikwa mwani mbichi. Hakuwa mtu wa kuamini upesi. Akinunua kitambaa alikivuta kwanza huku na huku, na mpishi wa hoteli akimwambia arudi kesho, alimtaka aseme hivyo mbele ya mtu wa pili. Mkewe, Mwanapili, alikuwa akimcheka kwa tabia hiyo na kusema kwamba hata yeye alivutwa huku na huku kabla ya kuposwa.

Mwanapili alikuwa binti wa Nahodha Kibwana. Unahodha ulikuwa umembakia mzee huyo kwa heshima tu, maana aliiacha bahari tangu motaboti iitwayo Sitara ilipozama. Sitara ilikuwa chombo kidogo cha chuma, mali ya tajiri mmoja wa Mombasa, na ilikuwa ikichukua saruji, mabati na magunia ya unga hadi Vanga. Ilizama miaka michache kabla ya uhuru, alasiri moja bahari ikiwa shwari, nje kidogo ya mwamba wa Msambweni. Nahodha Kibwana na mabaharia wawili, wageni kutoka Lamu, walifika pwani kwa kihori, mtumbwi mdogo wa chombo. Fundi wa injini hakufika. Huyo aliitwa Garama, Mduruma wa Taru, aliyejifunza ufundi katika karakana ya reli. Maji yalimtoa siku chache baadaye, akazikwa Msambweni haraka haraka kabla watu wake hawajapata habari.

Wakubwa walipokuja kuuliza, nahodha alisema kwamba Garama alikuwa amelewa. Alisema fundi aliiacha wazi koki ya chini, ile inayoingiza maji ya bahari ya kupozea injini. Mabaharia wa Lamu walikuwa wamekwisha kurudi kwao, kwa hiyo neno la nahodha likaandikwa kama lilivyo. Watu wa Msambweni waliguna kidogo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona Garama akinywa, lakini waliguna majumbani mwao. Mzee akahamia kwenye minazi yake, na tangu siku hiyo hakukanyaga hata maji ya kuosha miguu ufuoni.

Mzungu alifika mwaka uliofuata uhuru, wiki chache tu baada ya serikali ya Unguja kupinduliwa. Jina lake lilikuwa Halden. Alipanga nyumba karibu na ufuo, akashusha mitungi ya chuma na mashine iliyonguruma kutwa ikiijaza hewa. Alieleza kwamba anapiga picha za samaki wa mwambani kwa ajili ya kitabu. Siku zile mgeni yeyote wa baharini alitiliwa shaka. Wengine walisema anatafuta dhahabu ya Wajerumani, wengine walisema amekuja kuficha bunduki, na wengine walisema mitungi ile haina hewa hata kidogo. Nzai, kiongozi wa vijana wa chama, alipita nyumba hata nyumba akiuliza nani amemwuzia nini na amemsikia akisema nini.

Halden alipotafuta mtu wa kuzama naye, wazamiaji walikuwapo wengi, lakini alimwendea Chirau moja kwa moja. Chirau aliona ajabu. Hawakuwahi kusalimiana. Alimwambia Nzai, na Nzai akamshauri akubali, ili awe jicho la watu huko chini. Chirau hakuhitaji kushauriwa. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba mtu huyo ana jambo, na alitaka kulijua.

Mafunzo yalifanyika kwenye maji mafupi ndani ya mwamba. Chirau alifungwa mtungi mgongoni, akavishwa miwani na viatu vya mpira vyenye mapezi, akaambiwa aume mdomo wa mpira na avute hewa kama kawaida. Hiyo kawaida ilikuwa ngumu. Mwili wake ulikuwa umezoea kwamba chini ya maji hapavutwi kitu, na mara ya kwanza kifua kilikataa kabisa, akaibuka akikohoa huku Halden akicheka kwa adabu. Halafu kikakubali. Alisikia pumzi yake mwenyewe ikikwaruza masikioni kama msumeno, na mapovu yakipanda usoni. Maisha yake yote alikuwa ameshuka huku akili iko kwenye kurudi. Sasa aliweza kukaa. Alipiga magoti mchangani, akatazama kaa mmoja akila hadi akamaliza, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu azaliwe.

Walipotoka nje ya mwamba, hawakwenda kwenye matumbawe yenye samaki wengi. Halden alielekeza mashua moja kwa moja mahali Sitara ilipozama, bila kumwuliza mtu.

Sitara ililala ubavu mmoja mchangani, pua yake ikiwa karibu kugusa mwamba. Chuma kilikuwa kimeota matumbawe laini ya rangi ya zambarau. Changu walikuwa wakiingia na kutoka kwenye madirisha, na mkunga alichomoza kichwa katika bomba la moshi akifumba na kufumbua kinywa. Mlango wa chumba cha injini ulikuwa na mwenyewe, chewa mnene kama gunia, aliyewatazama kwa muda kabla ya kusogea. Chirau alishika ukingo wa mlango akangoja. Halden alipita katikati ya samaki wote hao bila kugeuza shingo, akaingia ndani na tochi. Kamera ilikuwa imening'inia kiunoni mwake. Baada ya kitambo Chirau alisikia mgongano wa chuma kwa chuma.

Ikawa hivyo kila siku. Jioni Chirau alimtajia majina ya samaki waliowaona, na Mzungu aliitikia tu, wala hakuandika wala kuuliza. Chirau alimwambia Mwanapili kwamba hajapata kumwona mtu wa kitabu cha samaki asiyejali samaki. Alipoomba aingie naye ndani amshikie tochi, Halden alikataa, akasema kwamba mle ndani ni hatari.

Msambweni nako maneno yalianza kumgeukia Chirau mwenyewe. Akipita, mazungumzo yalikatika. Mpemba mmoja aliyekuwa akimwuzia nyuzi za kufumia madema ya kutegea samaki alimwuliza, kama mzaha, dhahabu wanagawana vipi. Nzai naye, aliyemtuma, akaanza kumwuliza maswali yale yale kwa maneno tofauti, kama mtu anayetafuta majibu yanayopishana.

Siku Halden alipokwenda Mombasa, Chirau alichukua mashua peke yake. Mitungi ilikuwa imefungiwa, kwa hiyo alishuka kama alivyozoea, kwa pumzi moja, akiwa na miwani tu. Mara ya kwanza alifika mlangoni akarudi. Mara ya pili aliingia. Mwanga ulikuwa ukipenya kidogo kwenye tundu la juu. Alipapasa injini, akafuata bomba lililoshuka hadi sakafuni, na hapo ndipo Halden alipokuwa akikwangua, kwa kuwa chuma kiling'aa. Ilikuwa koki. Mpini wake wa kufungia haukuwapo. Juu ya kijiti cha chuma kilichobaki palikuwa na spana, imekibana, imeota chaza na kushikana nacho kabisa. Chirau aliivuta, haikutikisika. Kisha kifua kikaanza kumpigia kelele, akageuka akautafuta mlango, akaukosa, akaupata. Alipoibuka damu ilikuwa ikimtoka puani.

Alikaa ndani ya mashua bila kushika kasia. Spana ilimaanisha kwamba mtu alikuwa pale akiishughulikia koki. Lakini alikuwa akiifungua, au akiifunga? Na mpini umekwenda wapi?

Usiku huo wakati wa kula alimwuliza mkewe, kwa sauti ya mtu anayepitisha wakati tu, siku ile Sitara ilipozama nyumbani kulikuwaje. Mwanapili alikuwa msichana mdogo wakati ule, na hakuona sababu ya kuficha. Alieleza jinsi wanawake walivyokuja kulia kabla hawajajua nani amekufa, na jinsi mama yake alivyotimua mbio hadi ufuoni bila viatu. Kisha akatabasamu kwa kumbukumbu.

"Baba alikuja na sanduku lake la bati begani," alisema. "Mama alitaka kuanika nguo, akafungua, akakuta zote kavu. Hata Msahafu wake ulikuwa mkavu. Tulisema ni rehema za Mwenyezi Mungu."

Chirau alitafuna tonge lile lile kwa muda mrefu. Chombo kikizama kwa ghafla, mtu hupata wapi nafasi ya kufunga sanduku?

Halden aliporudi alikuta Chirau amemngoja barazani. Chirau alimwambia kwamba ameiona koki, na kwamba hatashuka naye tena mpaka aambiwe kweli. Mzungu alivuta kiti akaketi. Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani bara, kizito, lakini alijieleza. Kampuni ya bima ndiyo iliyomtuma. Tajiri wa Sitara alikuwa na chombo kingine, nacho kilizama hivi karibuni vivyo hivyo, bahari shwari, maji marefu. Wakashuku. Ndipo wakakumbuka Sitara, iliyozama mahali panapoweza kufikiwa.

"Mpini mtu alitoa," alisema. "Akafungua, akatoa mpini, akatupa, basi hakuna mtu wa kufunga. Halafu mwingine alikuja na spana. Ile koki imefungwa nusu. Fundi yako alikufa anafunga."

Chirau alimwuliza ni nani aliyeutoa mpini. Halden alimtazama tu, na hapo Chirau akaelewa kwa nini, kati ya wazamiaji wote wa Msambweni, aliendewa yeye. Muda wote alipodhani anampeleleza Mzungu, Mzungu alikuwa akimpeleleza yeye, mkwe wa nahodha, akingoja neno limponyoke. Alirudi nyumbani akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani.

Kesho yake alikwenda shambani kwa mkwewe. Mzee Kibwana alikuwa akifua nazi, akizichoma kwenye ncha ya chuma na kuzivua makumbi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo huna bahari?"

Chirau alikaa juu ya makumbi. Kwa adabu aliyolelewa nayo hakuweza kumkabili mzee kwa swali, kwa hiyo alisimulia tu alichokiona: koki, spana, chaza, mpini usiokuwapo. Hakutaja sanduku. Mzee aliendelea kufua, nazi baada ya nazi, mpaka moja ikamteleza na kumkwaruza kiganja. Hapo akaacha.

Alieleza kwa sauti ndogo, akitazama mkono wake. Tajiri alikuwa amemwahidi chombo kikubwa zaidi cha kuongoza. Sitara ilikuwa imechakaa, na kilichotakiwa kilikuwa ajali tu, tajiri alipwe bima na watu wote washuke salama. Garama hakuambiwa, kwa kuwa aliipenda injini ile na angekataa. Nahodha alishuka mwenyewe, akafungua koki, akautoa mpini akautupa baharini. Aliwapa mabaharia kisingizio cha kushusha kihori. Halafu Garama akaona maji.

"Alikuwa amekwisha kutia mguu kwenye kihori," mzee alisema. "Akaona maji yanatoka wapi, akarudi mbio na spana yake. Nikamwita. Nikamwambia aache. Akaniuliza kutoka kule chini, niache kwa nini, nahodha, chombo si kizima? Jibu nililijua, nikalimeza. Lile jibu ningelitoa, angepanda."

Chirau alimwuliza kuhusu ulevi. Mzee alisema kwamba neno hilo alifundishwa na tajiri. Chombo kikubwa hakikuja.

Chirau alijua kwamba Garama alikuwa na mjane, kwa sababu mwanamke huyo aliwahi kuja Msambweni miezi mingi baada ya ajali kuuliza kaburi, na watu walimwonyesha kwa kidole bila kumsindikiza. Alimwambia mkwewe kwamba Mzungu ana hakika yake hata bila wao, na polisi watafika leo au kesho. Lakini Taru hakuna atakayefika, isipokuwa wao. Asubuhi iliyofuata mzee alikuwa amesimama njiani na kanzu safi, akingoja basi.

Waliteremka Taru jua likiwa kali, vumbi jekundu limejaa kwenye kanzu. Sidi, mjane wa Garama, alikuwa akiuza mbuzi kando ya barabara kuu. Alikuwa mwanamke mrefu, shanga nyembamba shingoni, na alipoambiwa hawa ni watu wa Msambweni alifunga mbuzi wake kwanza kabla ya kuwatazama. Chirau alitaka kuanza kwa maelezo marefu. Mzee alimkatiza, akasema yote mwenyewe, kwa mpangilio, akiwa amesimama. Sidi alisikiliza bila kugusa uso wake.

"Mwanangu wa kiume alikataliwa mchumba," alisema mwishowe. "Walisema ni damu ya mlevi. Wewe ulikuwa unajua, na ulikuwa unakula na kulala."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Sitakupa maji," Sidi alisema. "Ukitoka hapa, nenda kwa serikali ukayaseme haya, na useme jina lake. Si fundi. Sema Garama."

Walirudi bila kunywa kitu. Mzee alikwenda Kwale, akayasema kwa polisi, na alipofika mahali pa jina alilitamka mara mbili ili lisikosewe. Nzai na wenzake walishangaa kuona kwamba hapakuwa na dhahabu wala bunduki, na wengine hawakukubali hata hivyo. Walisema hayo ya bima ni hadithi ya kufunika jambo lingine. Halden aliikata koki ikiwa na spana yake, akaifunga ndani ya gunia na kuondoka nayo. Tajiri alikwisha kuuza mali zake na kuhama nchi, na hakuna aliyemfikia. Aliyefikiwa ni Kibwana. Alihukumiwa kifungo Mombasa, na katika hukumu ilisomwa wazi kwamba fundi hakuwa na kosa. Sidi alikuwapo. Alikuja na mwanawe, wakaketi mbele.

Mwanapili hakwenda mahakamani. Siku baba yake alipochukuliwa alikunja nguo zake, akahamia kwa mama yake. Chirau alimfuata kumsihi.

"Uliniuliza tukiwa tunakula," Mwanapili alimwambia. "Nikakueleza kama mke. Kumbe ulikuwa unakusanya."

Chirau alisema kwamba hakulitaja sanduku kwa mtu yeyote, si kwa Mzungu, si kwa polisi, hata kwa mzee mwenyewe. Ilikuwa kweli. Mwanapili alimtazama kwa muda, jinsi mumewe alivyozoea kutazama vitambaa, akasema kwamba hajui aamini lipi. Alirudi nyumbani baada ya msimu mzima kupita, wakazaa na kulea. Lakini tangu hapo hakumsimulia tena mumewe jambo lolote la utotoni, na Chirau akijisahau akauliza, aliinuka akatafuta kazi ya kufanya.

Mzee alitoka kifungoni amekonda. Watu walimwitikia salamu bila kumwongezea neno, naye hakulalamika. Chirau alikuwa mtu pekee aliyekwenda kukaa naye, wakati mwingine kutwa nzima, bila kuzungumza mengi.

Halden alikuwa amemwachia Chirau mtungi mmoja na miwani miwili. Hoteli za Diani zilipoanza kuwapeleka wageni wao kutazama matumbawe, Chirau aliajiriwa kuwaongoza. Wageni walitaka kuiona Sitara, na kwa muda mrefu aliwaambia kwamba maji ya huko si mazuri.

Mtu wa kwanza aliyempeleka huko alikuwa Sidi. Alikuja Msambweni kulijengea kaburi la mumewe, na kazi ilipokwisha akaomba aonyeshwe mahali penyewe. Hakuwahi kupanda chombo cha majini. Alishika ubao wa mashua kwa mikono miwili njia nzima, akamwuliza Chirau mara nyingi kama mashua hii nayo ina koki. Walipofika, Chirau alimvalisha miwani, akamwambia ainame tu atie uso majini, yeye atamshika kiunoni kwa kanga.

Sidi hakuinama mara moja. Alimtazama Chirau, akautazama mkono wake, akaitazama tena bahari.

"Wewe ni mkwe wake," alisema.

"Ndiyo, mama."

Akaikaza kanga yeye mwenyewe, fundo juu ya fundo, akaifunga kwenye ubao wa mashua badala ya kumpa Chirau ashike. Kisha akainama. Alikaa hivyo, akiinua kichwa kuvuta pumzi na kuinama tena, mpaka kifua cha nguo yake kikalowa chote. Chini yake Sitara ilionekana wazi, na changu wakipita madirishani. Alipomaliza alivua miwani akajifuta macho, akasema kwamba chombo ni kidogo sana, alidhani ni kikubwa. Akauliza mlango wa injini ni upi. Chirau akamwonyesha, naye akainama tena kuutazama.